Mpiga Picha wa Meli ya Uchunguzi

Upande wa mashariki wa milima ya Usambara, karibu na Amani, viko vilele ambavyo mtu akisimama juu yake asubuhi ya kweupe, mvua ikiwa imekwisha kuosha hewa, huona mbali sana. Huona kwanza misitu, kisha mashamba ya Muheza, na mwisho huona ukanda mwembamba unaong'aa kama bati jipya. Ukanda huo ni Bahari ya Hindi. Watu wa Lushoto, ambao milima yao iko magharibi zaidi, hawaoni bahari kutoka kwao. Lakini huijua kwa papa mkavu auzwaye sokoni. Tena mito ya milima huijua. Mto Umba huanza katika misitu ya Shagayu, hushuka nyikani, na kuingia baharini karibu na Vanga. Na mto Zigi hushuka kutoka misitu ya Amani mpaka pwani ya Tanga.

Lakini mtu aitazamaye bahari, awe mlimani au awe ufukoni, huona uso wake tu, kama mgeni aonaye paa la nyumba asijue ni nani waliomo ndani. Na nyumba hiyo ni kubwa mno. Kina cha bahari zote za dunia, kikikadiriwa kwa wastani, ni zaidi ya meta 3,600. Kama milima yote ya Usambara ingetiwa mahali penye kina hicho, hata kilele chake kirefu kuliko vyote kisingeonekana. Mwanga wa jua nao huingia kidogo tu. Kupita meta 200 hautoshi tena kuotesha mmea, na kupita meta 1,000 ni usiku wa siku zote.

Basi mataifa mbalimbali yametuma meli baharini, si kwa biashara wala kwa vita, bali kwa uchunguzi. Katika meli hizo yuko nahodha pamoja na mabaharia wake, wako mafundi wa mitambo, na wako wenye elimu ya samaki, ya maji na ya mawe. Na katika hao yuko mmoja ambaye kazi yake ni picha. Yeye havui samaki wala haongozi meli. Kazi yake ni kuwaonyesha watu walio mbali kile ambacho macho yao hayatakiona kamwe. Tena kukionyesha kama kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Kazi hii hudhaniwa kuwa nyepesi, lakini mtu atakayeifuata toka mwanzo mpaka mwisho atajua uzito wake.

Mchoraji wa meli Valdivia

Mwaka 1898 meli iitwayo Valdivia iliondoka bandari ya Hamburg, Ujerumani. Ilikuwa meli ya biashara, ikatengenezwa upya ili ichukue nyavu ndefu, kamba za chuma, na vyumba vya kazi ya elimu. Mkuu wa wachunguzi alikuwa Profesa Carl Chun. Miongoni mwa watu wake alikuwamo kijana aitwaye Friedrich Winter, naye alikuwa mchoraji na mpiga picha wa safari. Meli ilipita upande wa magharibi wa Afrika, ikateremka mpaka kwenye barafu ya kusini, ikapanda mpaka Sumatra na Sri Lanka, kisha ikavuka Bahari ya Hindi kuja Afrika ya Mashariki. Mwezi Machi 1899 ilifika Dar es Salaam. Baadaye ilifuata pwani kwenda kaskazini mpaka Aden, ikivua vilindini. Safari yote ilichukua miezi tisa.

Wavu uliposhushwa meta elfu mbili au zaidi, ilipasa kungoja saa nyingi kabla haujarudi juu. Viumbe waliotoka humo walikuwa wamezoea baridi na giza, na maji yaliyowalemea kwa nguvu kubwa. Maana katika kina cha meta 1,000 kila sentimeta ya mraba hubeba uzito wa kilo 100 hivi. Walipofikishwa juu penye joto na jua, wengi walikuwa wamekufa, au walikuwa katika kufa, na rangi zao zilianza kupotea papo hapo. Mtu akiwatia katika chupa ya spiriti ili wasioze, umbo hubaki, lakini rangi hutoka. Mnyama aliyekuwa mwekundu kama pilipili huwa mweupe kama maziwa.

Wanafunzi wa Usambara wanaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Katika misitu yao huota ua dogo la zambarau, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul mwaka 1892, na leo hupandwa vyunguni, madirishani, katika nchi nyingi. Mtu akilichuma ua hilo na kulibana katikati ya karatasi ili likauke, baada ya siku chache atakuwa na umbo lake, lakini rangi itakuwa imefifia. Asiyepata kuliona likiwa hai hataijua sura yake. Ndiyo sababu wenye elimu ya mimea huandika rangi ya ua siku ile ile linapochumwa.

Basi ilimpasa mchoraji wa meli awe tayari na brashi na rangi zake kila wavu ulipotoka, akachore kwa haraka kabla rangi haijatoka, katika chumba kinachoyumba kwa mawimbi. Kamera za siku zile zilitia picha juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na picha hizo hazikuwa na rangi. Kamera ilishika umbo, brashi ikashika rangi. Kimoja hakikutosha bila chenzake.

Miongoni mwa viumbe waliopatikana katika safari hiyo alikuwamo mnyama mweusi wa jamaa ya pweza na ngisi, mwenye utando katikati ya mikono yake kama kitambaa cha mwavuli. Chun alimtangaza kwa wenye elimu mwaka 1903, akampa jina la Vampyroteuthis. Vitabu vya safari hiyo vilitoka kimoja kimoja tangu mwaka 1902 mpaka mwaka 1940, navyo ni vitabu 24. Chun mwenyewe alikufa mwaka 1914. Kwa hiyo walioandika vitabu vya mwisho walitegemea viumbe wa chupani, na madaftari, na picha zilizofanywa zamani na watu ambao baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Kama mchoraji angalikuwa mvivu siku moja, au angalimpamba mnyama kwa rangi asiyokuwa nayo ili apendeze, ni nani angalimsahihisha baada ya miaka arobaini?

Kisiwa kilichoandikwa vibaya

Safari hiyo hiyo ilifundisha jambo la pili. Mwaka 1739 nahodha Mfaransa, jina lake Bouvet, aliona nchi yenye barafu katika bahari ya kusini, mbali sana na Rasi ya Tumaini Jema. Aliandika mahali alipoiona, lakini hesabu yake haikuwa sawa. Baadaye mabaharia hodari, hata James Cook, waliitafuta wasiipate. Wachache waliiona tena, lakini hesabu zao hazikupatana. Tarehe 25 Novemba 1898 Valdivia ilikiona kisiwa hicho, mahali pake pakapimwa, kikatiwa katika ramani panapostahili. Kwa miaka zaidi ya 150 kisiwa kizima kilikuwa kama kimepotea, nacho hakikuhama hata hatua moja. Kilikuwa kimeandikwa vibaya tu.

Ndiyo sababu katika meli ya uchunguzi picha isiyoandikiwa mahali pake haihesabiwi kuwa kitu, hata ikiwa nzuri namna gani. Kila picha sharti iandikiwe siku na saa, mahali pa meli, kina cha maji, kipimo cha ukubwa, na chombo kilichoipiga. Kabla ya kushusha kamera, mpiga picha huilinganisha saa yake na saa ya meli. Huenda mtu akasema kwamba kosa la dakika tano ni dogo. Lakini meli iendayo maili mbili za bahari kwa saa husogea meta 300 hivi katika dakika hizo tano. Na samaki aliyekuwa juu ya mwamba ataandikwa kuwa alikuwa juu ya mchanga. Atakayekwenda kumtafuta hatampata.

Kipimo cha ukubwa nacho ni lazima. Picha ya samaki peke yake katika giza haisemi kama urefu wake ni wa kidole au wa mkono mzima. Kwa hiyo kando ya kamera huwekwa taa mbili ndogo zenye miale myembamba iendayo sambamba, na nafasi katikati yake hujulikana kamili, kwa mfano sentimeta 10. Miale hiyo hutia nukta mbili juu ya mwamba au juu ya samaki. Mpiga picha huzihesabia nukta hizo kama fundi seremala anavyohesabia rula yake.

Taa katika ukungu

Siku hizi kamera yenyewe huteremka vilindini. Hutiwa ndani ya sanduku la chuma lenye dirisha nene, likashushwa kwa waya. Au hufungwa katika chombo kisicho na mtu, ambacho huongozwa na fundi aliyekaa melini mbele ya kioo. Viko pia vyombo vidogo vinavyochukua watu wawili watatu ndani yake.

Kazi ya kwanza ya mpiga picha ni kukagua. Katika kila kifuniko cha sanduku pana pete ya mpira izuiayo maji. Unywele mmoja, au punje moja ya mchanga, ikikaa juu ya pete hiyo, maji ya kilindini hupenya, na kamera huharibika kabisa. Kwa hiyo yeye huifuta pete, huitazama kwa taa, huipaka mafuta, kisha huitazama tena, hata kama alifanya hivyo jana na juzi na isionekane dosari yo yote.

Kazi ya pili ni kuweka taa. Mtu aliyepanda njia ya Mombo kwenda Soni na Lushoto wakati wa ukungu anajua yanayompata dereva. Akiwasha taa kubwa haoni barabara, bali huona ukuta mweupe mbele yake, kwa kuwa kila tone la ukungu humrudishia mwanga machoni. Bahari nayo ina ukungu wake. Mabaki ya viumbe vidogo vilivyokufa huanguka polepole toka juu, usiku na mchana, kama majivu ya nyasi zilizochomwa. Taa ikikaa karibu na kamera, kila chembe hung'aa, na picha hujaa madoa. Basi mpiga picha huziweka taa mbali, kulia na kushoto, zimulike kwa upande.

Kazi ya tatu ni rangi. Maji huzimeza rangi za mwanga, wala hayazimezi zote kwa pamoja. Nyekundu hutoweka kwanza, kabla mtu hajazama mbali. Buluu hudumu kuliko nyingine. Kwa ajili hiyo kamba mwekundu wa vilindini huko kwao ni kama mweusi, na adui zake hawamwoni. Taa ikimulika, wekundu wake hutokea. Je, picha iliyo ya kweli ni ipi, ya kamba mweusi au ya kamba mwekundu? Zote mbili ni za kweli, lakini kila moja ni ya kweli kwa mwanga wake. Kwa hiyo mpiga picha huandika ni taa gani aliyotumia, naye huchukua kibao chenye rangi zinazojulikana, akakipiga picha humo humo majini, ili baadaye rangi zipimwe kwa kibao hicho, wala si kwa kukisia.

Kuona kwa sauti

Hata taa iliyo bora haifiki mbali majini. Kwa hiyo wachunguzi wakitaka kujua sura ya nchi pana iliyo chini ya bahari, hutumia sauti. Mtoto akisimama upande mmoja wa bonde huko milimani, akaita kwa nguvu, sauti yake hugonga jabali la ng'ambo na kumrudia. Bonde likiwa pana mwangwi hukawia. Likiwa jembamba huja upesi. Meli hufanya vivyo hivyo. Hutuma sauti chini, na mtambo huhesabu muda mpaka mwangwi unaporudi. Katika maji ya bahari sauti hukimbia kama meta 1,500 kwa sekunde moja, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde mbili, sauti imekwenda na kurudi meta 3,000. Basi kina ni meta 1,500. Meli ikituma sauti nyingi pamoja, za kulia na za kushoto, huweza kuchora mabonde na vilima vya chini kadiri inavyokwenda.

Makundi ya samaki nayo hurudisha mwangwi. Mwaka 1982 na mwaka 1983 meli ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilichunguza bahari ya Tanzania kwa njia hiyo, ili kukadiria wingi wa samaki wake. Lakini picha ya sauti humdanganya asiyeijua. Povu la mawimbi huweza kufanana na kundi la samaki. Mwangwi unaogonga mara mbili huweza kuonyesha chini ya bahari mahali isipokuwapo. Mtaalamu hasemi upesi kwamba doa fulani ni samaki. Wavu hushushwa mahali pale kwanza, waonekane walioko. Wavu ukirudi mtupu, naye huandika kwamba umerudi mtupu.

Zamu na daftari

Meli hailali. Watu wake hugawanya siku kwa zamu, na mara nyingi zamu ni ya saa nne. Mpiga picha wa zamu ya usiku hukaa mbele ya kioo akitazama mchanga ukipita, na mchanga, na mchanga tena. Huenda saa nzima ikapita asione hata mnyama mmoja. Lakini hana ruhusa ya kuacha kutazama, wala ya kufuta picha tupu. Maana picha ya mchanga mtupu nayo ni habari: inasema kwamba siku ile, saa ile, mahali pale, hapakuonekana kitu. Mtu akiziondoa picha tupu na kuonyesha zile zenye samaki peke yake, wasomaji watadhani kuwa bahari yote imejaa samaki, hali kila picha waliyoonyeshwa ni ya kweli. Huu ni uongo usio na neno moja la uongo ndani yake, nao ni mgumu kuujua.

Zamu inapokwisha, kazi yake haijaisha. Huzipa picha namba kwa taratibu, huandika daftari, na huweka nakala mbili mahali mbalimbali, ili moja ikiharibika nyingine isalie. Ikimpasa kuongeza mwanga wa picha ili ionekane vizuri, ile ya asili huihifadhi bila kuigusa, na mabadiliko yote huyaandika. Kisha humkabidhi mwenzake, akimwambia yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika pia.

Silikanti wa Tanga

Faida ya kazi hii yote imeonekana karibu na Usambara, katika bahari ile ile ionekanayo kutoka vilele vya Amani. Habari yake inaanzia Afrika Kusini.

Tarehe 22 Desemba 1938, katika bandari ya East London, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa nyumba ya makumbusho, aliona katika chungu ya samaki samaki mmoja mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye magamba magumu, na mapezi yaliyoshikwa na vikono vya nyama. Hakumjua, na joto lilikuwa kali, samaki akaanza kuoza. Akachora picha yake kwa mkono, akaandika vipimo, akampelekea J. L. B. Smith, mwenye elimu ya samaki. Smith alipofika kumwona, Februari 1939, matumbo ya samaki yalikuwa yamekwisha kutupwa. Lakini mchoro ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake. Haukuwa mchoro wa kupendeza, ila ulikuwa wa kweli: ulionyesha vile vikono, na mkia wenye sehemu ya tatu katikati. Kwa hayo Smith alitambua jamii ya samaki ambao wenye elimu walidhani wamekwisha duniani tangu miaka zaidi ya milioni 60. Ndiye aitwaye silikanti.

Mwaka 1952 alipatikana wa pili katika visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua zamani kwa jina la gombessa. Hata hivyo wenye elimu walikuwa wakimjua akiwa mfu tu. Walipoyaona mapezi yake ya vikono, wengine walidhani kwamba hutambaa juu ya miamba. Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, alishuka karibu na Ngazidja katika chombo kidogo kiitwacho Geo, akampiga picha akiwa hai. Picha hizo zilionyesha kwamba hatambai. Huelea polepole, akipeleka mapezi yake kwa zamu, kama mnyama wa miguu minne apelekavyo miguu. Na mara nyingine husimama kichwa chini. Hivyo dhana ya wakubwa ilisahihishwa na picha.

Tena silikanti ana madoa meupe mwilini, na madoa ya mmoja si sawa na ya mwingine. Mpiga picha akipata picha safi za ubavu wake, wachunguzi humjua samaki yule tena baada ya miaka, kama mchungaji amjuavyo ng'ombe wake kwa mabaka. Kwa njia hiyo waliwahesabu na kuwafuata bila kuua hata mmoja. Hili ni jambo kubwa, kwa kuwa silikanti hukua polepole sana, huzaa watoto walio hai, na akivuliwa hawezi kurudishwa.

Tangu mwaka 2003 silikanti walianza kupatikana katika bahari ya Tanzania, na wengi wao walinaswa karibu na Tanga, katika nyavu za jarife zilizotegwa majini penye kina kwa ajili ya papa. Wavuvi hawakuwa wakiwatafuta. Nyama yao si ya kupendeza. Basi pakatokea swali zito. Je, samaki hao wamechukuliwa na mkondo wa maji toka Komoro wakapotea njia, au wana makao yao hapo Tanga? Kama wamepotea tu, hakuna haja ya kuwazuilia wavuvi nyavu zao, ambazo ndizo riziki ya nyumba zao. Kama wana makao, nyavu hizo zingeweza kuwamaliza.

Mwaka 2007 wataalamu wa nyumba ya samaki ya Aquamarine Fukushima, toka Japani, pamoja na wenzao wa Tanzania, walishusha chombo chenye kamera katika bahari ya Tanga, wakawapiga picha silikanti walio hai huko chini. Mwaka 2011 uchunguzi wa samaki wa Tanga ulitangazwa, nao ulionyesha kwamba ni kundi la peke yake, si wageni wa Komoro. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilikuwa imekwisha kuitenga Hifadhi ya Silikanti Tanga, yenye kilometa za mraba 552, toka upande wa Pangani mpaka kaskazini ya mji wa Tanga.

Hapo ndipo uzito wa kazi ya mpiga picha unapoonekana wazi. Picha zake huwekwa mezani mbele ya watu wanaopaswa kuamua. Upande mmoja yuko samaki asiyeweza kujisemea. Upande wa pili yuko mvuvi mwenye watoto wa kulisha. Picha ikidanganya, au ikikosa mahali na siku, mmoja wao atadhulumiwa, na huenda dhuluma hiyo isijulikane mpaka wakati umepita. Shahidi wa barazani huweza kuulizwa maswali; shahidi wa kilindini ni mmoja tu, naye ni yule aliyekuwa mbele ya kioo usiku ule.

Kazi hiyo haijaisha. Udongo mwekundu ambao mvua huuchukua toka mashamba ya milimani hushuka na mito mpaka baharini, na tope likizidi huyasonga matumbawe, ambayo ni nyumba ya samaki wengi. Mtu akitaka kujua kama hali inazidi kuwa njema au mbaya, hana budi kupiga picha ya tumbawe lile lile, mahali pale pale, mwaka kwa mwaka, na kuzilinganisha. Hivyo mlima na bahari, ingawa viko mbali, vina daftari moja.

Wala mwanafunzi hahitaji meli ili aanze. Achukue jani la mti ulio karibu na shule, alichore kwa ukubwa wake, aweke rula kando, aandike siku, saa, mahali na rangi. Kama jani limetobolewa na mdudu, achore na tundu lake. Asilizibe ili mchoro upendeze. Mwakani alitafute tena jani la mti ule ule, alichore, akalilinganishe na la kwanza. Akifanya hivyo kwa uaminifu, amekwisha kujifunza kazi ya mpiga picha wa meli, na yaliyobaki ni maji na taa.